Windows na Linux ndani ya nyumba moja: mbona hazionani, na mbona paswedi inakataliwa?

"Mtaalamu habari za kazi. Nyumbani tuna kompyuta mbili. Moja ni ya mezani ina Windows 11, ndo yenye picha na video zetu zote kama giga 200 hivi, nyingine ni laptopu ya zamani ambayo kijana wangu aliiwekea Linux Mint maana Windows ilikuwa inaielemea. Zote ziko waifai moja. Nataka laptopu ifungue folda ya picha iliyoko kwenye ile ya mezani, na ikiwezekana iweze kuweka faili huko pia. Nimeshea folda kule Windows lakini kwenye laptopu nikifungua sehemu ya Network siioni. Kuna siku moja tu ilitokea, ikaniomba jina na paswedi, nikaweka PIN ninayotumia kila siku ikakataa, tangu hapo haijaonekana tena. Fundi mmoja kaniambia sistimu mbili tofauti haziwezi kuelewana niweke Windows zote mbili, mwingine kasema nizime fayawoli na niwashe SMB1 itakubali. Naogopa kuharibu, na naogopa virusi vya Windows kuhamia Linux. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, pole kwa kuzungushwa, ila uko karibu kufika kuliko unavyodhani. Ile siku laptopu ilipokuomba jina na paswedi, hiyo ndo ilikuwa habari njema, maana kompyuta haiwezi kukuuliza "wewe nani" kama haijasikia hodi yako. Kwa hiyo siku ile waifai ilifanya kazi yake, fayawoli (yule mlinzi wa milango ya kompyuta) iliruhusu, na Windows na Linux zilielewana vizuri tu. Kilichokwama ni utambulisho, basi. Wewe ukaondoka pale ukiamini kila kitu kimeshindikana, na hao mafundi wawili wakakupeleka mbali zaidi na tatizo lenyewe.

Nianze na yule wa kwanza, aliyesema sistimu mbili tofauti haziongei. Hapana. Kompyuta mbili kwenye mtandao hazihitaji kufanana ndani, zinahitaji lugha moja ya kuombana faili. Lugha hiyo hapa inaitwa SMB, ilianzia IBM miaka ya 1980 mwanzoni mikononi mwa Barry Feigenbaum, alafu Microsoft wakaichukua wakaikuza ndo ikawa ya Windows. Miaka ya 1990 inaanza, mwanafunzi mmoja kule Canberra, Andrew Tridgell, akaanza kuchunguza jinsi zile kompyuta zinavyoongea kwenye waya na kuandika programu inayoongea hivyohivyo upande wa pili. Programu hiyo leo inaitwa Samba, na jina lenyewe alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi s, m na b. Linux Mint yako inaongea lugha hiyo bila wewe kununua wala kuongeza chochote, kwa kazi ya kufungua folda ya Windows imeshajitosheleza.

Na kitu kingine ambacho watu huwa wanakichanganya hapa ni diski. Ni kweli Windows inapanga diski yake kwa mtindo wa NTFS na Linux kwa ext4, na ukichomoa diski ya Linux ukaichomeka kwenye Windows haitaisoma hivihivi. Lakini kwenye mtandao laptopu haigusi diski ya mwenzake kabisa. Inaomba tu: nipe faili fulani. Windows ndo inaenda kwenye diski yake yenyewe, inaisoma kwa namna inayoijua, inakuletea faili. Ni kama ukiomba chumvi kwa jirani, huna haja ya kujua kabati lake amelipangaje.

Sasa huyu wa pili ndo ananitia wasiwasi, maana ushauri wake una madhara. SMB ina matoleo, na toleo la kwanza, hiyo SMB1, ni la zamani na lina udhaifu mkubwa. Mwezi wa 5 mwaka 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa duniani kupitia kasoro ya SMB1, vikafunga faili za watu na kudai hela, hospitali nyingi za Uingereza zikasimama kazi. Kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimeshatoka mwezi wa 3 mwaka huohuo, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimeapdetiwa. Baadaye mwaka huo kwenye Windows 10 mpya SMB1 ikaanza kuondolewa. Windows 11 yako na Mint yako zote zinaongea matoleo mapya, la 2 na la 3, kwa hiyo SMB1 huihitaji kwa lolote.

Lakini najua kwa nini fundi kaamini hivyo, na si mwongo, ameona kitu kwa macho yake akakitafsiri vibaya. Zamani ile orodha ya kompyuta unayoiona ukifungua Network ilitengenezwa kwa utaratibu uliotembea pamoja na SMB1, kompyuta zilikuwa zinajitangaza na moja inatunza orodha ya wenzake. SMB1 ilipoondolewa na ile orodha ikafa nayo. Windows sa hivi inajitangaza kwa utaratibu mwingine unaoitwa WS-Discovery, na Linux nyingi zinajitangaza kwa utaratibu wao unaoitwa mDNS, kwa hiyo kila mmoja anapiga mbiu ambayo mwenzake mara nyingi haisikilizi. Ukiwasha SMB1 wakati mwingine ikoni inatokea, basi mtu anasema nimetengeneza. Kumbe ikoni kutokuonekana hakuna uhusiano na folda kufunguka, mtu asiyepigiwa mbiu bado anaweza kutembelewa ukijua anapokaa.

Kwa hiyo acha kabisa kuitafuta kwenye orodha, nenda kwa anwani. Kaa kwenye ile ya Windows, bonyeza Start, andika cmd, ikifunguka andika ipconfig. Tafuta mstari wenye IPv4 Address, utaona namba kama 192.168.1.20. Kama inaanza na 169.254 simama hapohapo, maana yake kompyuta haijapewa anwani na rauta, imejipa yenyewe, shida iko kwenye waifai au kebo. Ukiipata ile nzuri njoo kwenye laptopu, fungua kidirisha cha faili, bonyeza Ctrl na L kwa pamoja ile sehemu ya juu iandikike, alafu andika

smb://192.168.1.20

kwa namba yako wewe siyo hii ya kwangu, bonyeza Enter. Mara nyingi sana safari inaishia hapa, mtu anaona folda zake anabaki kushangaa wiki nzima alikuwa anatafuta nini.

Isipofunguka, usianze kubonyeza setingi ovyo. Hodi yoyote inakwama sehemu moja kati ya tatu: haikufika nyumbani, imefika lakini mlango umefungwa, au mlango umefunguliwa ila hawakujui. Kila moja ina dawa yake na dawa ya moja haitibu nyingine, ndo maana mtu anazima fayawoli wakati tatizo lake ni paswedi alafu anabaki na nyumba iliyo wazi na bado haingii.

Kujua umekwama wapi kuna kipimo kidogo nakipenda sana. Fungua terminali (kile kidirisha cha kuandika amri) kwenye laptopu uandike

nc -zv 192.168.1.20 445

Hiyo 445 ni namba ya mlango ambao SMB inasikilizia. Likija jibu lenye neno succeeded, njia ipo na mlango uko wazi, acha habari za fayawoli nenda moja kwa moja kwenye paswedi. Likija refused haraka haraka, mara nyingi hodi imefika ila hakuna aliyekaa kusikiliza, yaani kushea hakujawashwa, au namba ile ni ya kifaa kingine. Ikikaa kimya muda mrefu alafu ikaleta timed out, kuna kitu katikati kinameza hodi, na mara nyingi ni fayawoli. Na ikija No route to host basi hakuna anayeitika kwenye anwani ile kabisa. Watu wengi wanatumia ping, ile amri ya kusalimia kompyuta uone kama inaitika, kwa kazi hii, mimi naikwepa kidogo kwa sababu fayawoli ya Windows inaweza kunyamazia ping huku mlango wa faili uko wazi kabisa, unadhani kompyuta imekufa kumbe iko hai imeamua tu kutokujibu salamu.

Hodi isipofika, kitu cha kwanza kuangalia ni kama kweli ziko mtandao mmoja. Hapa nikwambie yaliyonikuta, kuna siku nilikaa na kazi kama hii karibu siku nzima, kila setingi iko sawa, paswedi sawa, hakuna kinachopita. Mwishoni nikalinganisha majina ya waifai herufi kwa herufi, kompyuta moja ilikuwa kwenye waifai ya wageni ya rauta ileile. Waifai ya wageni imetengenezwa makusudi ili aliyeko huko apate intaneti tu asiguse vifaa vya nyumbani. Rauta nyingine zina setingi ya kutenganisha vifaa hata kwenye waifai ya kawaida, huwa inaitwa AP isolation au client isolation, ikiwashwa kila kifaa kinaiona rauta lakini hakimuoni mwenzake. Angalia pia kama laptopu ina VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya pembeni) imewashwa, izime ujaribu tena. Na usisahau kompyuta iliyolala haiitiki hodi, kama ile ya mezani imejiwekea kulala baada ya dakika chache utaipata saa hii na saa ijayo utaikosa, nahisi na wewe ile kuonekana siku moja tu kuna harufu ya hili.

Tukija kwenye mlango, yaani fayawoli. Usiizime. Windows inagawa mitandao kwa aina mbili, wa hadhara na wa faragha, na mara nyingi ukiunga waifai mpya yenyewe inaiweka kwenye hadhara, "Public network", maana haijui kama uko kwako au uko sehemu yenye watu usiowajua. Kwenye hadhara inafunga milango ya kushea. Dawa yake ni kuiambia kwamba hapa ni nyumbani: fungua Settings, Network & internet, ingia kwenye sifa za waifai yako uchague "Private network". Alafu kwenye Advanced sharing settings, upande wa Private, washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Kwa kufanya hivi fayawoli yenyewe inafungua mlango wa 445 kwa mtandao wa nyumbani tu, na siku ukihama na kompyuta kwenda mtandao mwingine inafunga bila wewe kukumbuka. Hiyo ndo tofauti na kuzima, ukizima unazima kote na kwa wote. Ila kama una antivirusi ya kununua, hizi huwa zinakuja na fayawoli yao, basi setingi hiyo ya nyumbani uitafute kule pia.

Sasa twende kwenye PIN, maana kwa maelezo yako ndipo ulipokwama. PIN ya Windows siyo paswedi yako iliyofupishwa. Ni ufunguo unaofanya kazi kwenye kifaa kile tu, mtu akiwa amekaa mbele yake, na imetengenezwa hivyo makusudi ili hata mtu akiijua asiweze kukuingilia kutoka mbali. Kwa hiyo ukiiandika kwenye laptopu itakataliwa leo, kesho na siku zote, hata ukiiandika kwa usahihi mara mia. Kwenye mtandao Windows inataka paswedi yenyewe. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina ni ile barua pepe yako na paswedi ni ya akaunti ile, ambayo watu wengi wanaotumia PIN waliisahau siku nyingi. Na kama una akaunti ya kawaida isiyo na paswedi kabisa, Windows kwa kawaida haikubali mtu aingie kwa mtandao na paswedi tupu, na iko sahihi.

Ninachopendelea mimi, na ndo nakushauri wewe ufanye, ni kuachana na akaunti yako ya kila siku kwenye shughuli hii. Tengeneza akaunti ndogo kwenye ile Windows kwa ajili ya laptopu tu. Nenda Settings, Accounts, Other users, ongeza akaunti, ikikuomba barua pepe chagua kwamba huna taarifa za mtu huyo, alafu chagua kuongeza yuza bila akaunti ya Microsoft. Ipe jina fupi lisilo na nafasi, mfano picha, na paswedi ndefu. Alafu nenda kwenye folda yenyewe, bonyeza kulia, Properties, sehemu ya Sharing, bonyeza Share, chagua yule yuza picha umuongeze, na hapo pembeni kuna kuchagua kama asome tu au asome na kuandika. Uzuri wa njia hii ni kwamba paswedi yako kubwa yenye barua pepe na mambo yako yote haikai kwenye laptopu, na siku laptopu ikiibiwa unafuta akaunti moja ndogo maisha yanaendelea.

Tumia hicho kitufe cha Share, usiende kule Advanced Sharing kama hujazoea. Windows ina ruhusa za tabaka mbili, ya folda kushewa na ya faili zenyewe kwenye diski, na mtu lazima apite zote mbili. Kitufe cha Share kinapanga zote kwa mkupuo, ile njia ya Advanced inapanga moja, ndo maana unakuta mtu folda anaiona akiibonyeza anaambiwa hana ruhusa.

Laptopu ikikuomba utambulisho itakuonyesha visanduku vitatu, cha jina, cha domain na cha paswedi. Cha domain kitakuwa kimeandikwa WORKGROUP, kiache hivyohivyo, ikikataa ndo ujaribu kuweka hapo jina la kompyuta ya Windows. Hilo la kwamba lazima WORKGROUP ifanane kote lilikuwa la zile orodha za zamani, ukienda kwa anwani halikuhusu. Chini yake utaulizwa kama isahau paswedi papo hapo, ikumbuke mpaka utoke, au ikumbuke daima. Mara ya kwanza chagua isahau, ukishahakikisha inakubali ndo uchague daima, maana ikikumbuka paswedi mbovu itakuwa inaituma hiyohiyo kimyakimya na wewe unadhani Windows imekukataa. Folda ikifunguka bonyeza Ctrl na D, itakaa pembeni kama alama, hutaandika anwani tena.

Ila hiyo alama itavunjika siku rauta ikiipa ile ya mezani namba nyingine. Rauta huwa zinagawa namba kwa muda tu. Ingia kwenye rauta yako utafute sehemu ya DHCP, ndo inayogawa hizo namba, kuna kuhifadhi anwani kwa kifaa fulani, ifunge 192.168.1.20 yako kwa kompyuta ile. Ni kazi ya dakika tano na inakuepusha na zile "jana ilikuwa inafanya kazi".

Umesema unataka laptopu iweke faili pia. Kwa hilo huna haja ya kushea upande wa laptopu, wengi wanadhani lazima kila kompyuta imshee mwenzake. Mwenyeji mmoja anatosha. Kama yule yuza picha ana ruhusa ya kuandika, laptopu inachukua na inaweka palepale, na ile ya mezani faili ziko kwake tayari. Ukija siku unataka Windows ifungue folda ya Linux ndo uweke Samba ya upande wa kushea, na hapo ujue kitu kimoja kinachowaumiza watu: Samba inatunza paswedi zake yenyewe, siyo ile unayoingilia Linux, lazima uiandikishe kwa sudo smbpasswd -a na jina la yuza. Na usishee bila paswedi ukidhani ni rahisi, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, hasa zile za Pro, zinataka mazungumzo ya SMB yatiwe saini, na mgeni asiye na paswedi hana cha kutilia saini, anakataliwa. Kama siku moja kompyuta ya pili itakuwa Mac mambo ni yaleyale, Apple wenyewe walihamia SMB kama njia yao ya kwanza tangu mwaka 2013, ila kwenye File Sharing yao kuna sehemu ya Options unatakiwa kumtiki yuza na kuandika paswedi yake, bila hivyo Windows haiingii.

Kuhusu virusi, wasiwasi wako una mantiki ila umeelekea upande siyo. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida haviwezi kukimbia ndani ya Linux, faili itakaa pale kama mzigo tu. Hatari ya kweli ni kinyume chake kidogo: programu chafu inayofunga faili ikiingia kwenye kompyuta yoyote, itafunga kila inachoweza kuandika, na folda iliyoshewa kwa ruhusa ya kuandika ni mojawapo. Kwa hiyo mimi ningeshea folda mbili. Ile ya picha zote ipe ruhusa ya kusoma tu, na pembeni fungua folda ndogo ya kupokelea, hiyo ndo laptopu iandike, ukishakagua unahamisha mwenyewe. Na picha za miaka yote giga 200 zikiwa sehemu moja tu, hapo ndo moyo wangu unaruka kuliko virusi. Kushea siyo bakapu. Ukifuta upande mmoja imefutika, faili ni ileile. Nunua diski ya nje unakili zote, alafu uichomoe uiweke mbali na kompyuta. Fanya hili kabla ya hayo mengine yote niliyoandika.

Kasi nayo usije ukashangaa. Kompyuta zote mbili zikiwa waifai kila faili inapita hewani mara mbili, kutoka ile ya mezani kwenda rauta na kutoka rauta kuja laptopu, na zote zinagombania hewa ileile. Kufungua picha moja moja hutahisi, kuhamisha zote utahisi. Kwa waifai inayobeba megabaiti 10 kwa sekunde, giga 200 ni saa tano na nusu. Kwa kebo ya mtandao ya gigabiti ambayo inafika kama mega 110 kwa sekunde, ni kama nusu saa. Kwa hiyo kwa siku ya kuhamisha mizigo mikubwa chomeka zote mbili kwenye rauta kwa kebo, au angalau ile ya mezani ambayo haihami, utakuwa umepunguza nusu ya msongamano wa hewani. Lakini angalia matundu ya rauta yenyewe, rauta nyingi za bei ndogo ni za megabiti 100 (biti nane ndo baiti moja), hizo zinaishia mega 11 au 12 kwa sekunde hata kebo iwe nzuri vipi.

Kuna na hili la majina ya faili, dogo lakini linakera. Windows haitaki jina lenye nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota na baadhi ya alama nyingine, Linux inaruhusu. Ukiwa na faili kwenye laptopu inaitwa "kikao 10:30" ukaituma kwenye ile folda inaweza kugoma au kufika vibaya, na mara nyingi huelezwi kwamba kosa ni zile nukta. Pia Linux inaona Harusi na harusi ni folda mbili, Windows inaona ni moja, angalia zisije zikafunikana.

Na kama lengo lako lilikuwa kuhamisha vitu mara moja moja tu, sema ukweli moyoni mwako, maana basi yote haya ni mengi. Kuna programu ya bure inaitwa LocalSend, unaiweka kote kote, unachagua faili upande huu unakubali upande ule, haina akaunti wala folda ya kushea. Kuna na Syncthing, hii inaweka nakala ya folda kwenye kompyuta zote mbili na kuzifananisha zenyewe, nzuri kwa nyaraka ila kwa giga 200 kwenye laptopu ya zamani diski inaweza isitoshe. Wewe unataka picha zikae sehemu moja na zifunguliwe kutoka kwingine, kwa hiyo SMB ndo saizi yako.

Lini uite mtu aje? Kama ile ya mezani inatoa sauti ya kugonga gonga kwenye diski, au faili zinafunguka nusu nusu, acha kila kitu, usianze kunakili nakili kwa majaribio, mpelekee anayeokoa data. Kama kebo inatakiwa kupita ukutani au darini karibu na nyaya za umeme, ita fundi. Kama ndani ya kompyuta ile kuna nyaraka za wateja au za kazini, ongea kwanza na wanaohusika na mitandao huko kazini. Na kama umepima kwa nc ikasema succeeded, akaunti mpya umetengeneza, na bado inakataa, ita mtu akae nawe mezani, ila umwambie mapema: fayawoli haizimwi, SMB1 haiwashwi, na mlango wa 445 haufunguliwi kwenye rauta kuelekea intaneti hata kwa dakika moja ya majaribio. Akisema haiwezekani bila hayo, mshukuru utafute mwingine.

Kwako wewe usiku wa leo ningefanya hivi: diski ya nje kwanza, alafu akaunti ya picha, alafu hiyo smb na namba. Ukikwama niandikie neno kamili lililotokea kwenye skrini, kama ni refused, timed out au imeomba paswedi tena, kwa neno hilo moja nitajua hodi yako imeishia wapi.